Anton Furst, mjenzi wa Gotham: filme iliyoacha bede, kisha bede ikaifuata filme

Kila mara filme mpya ya mashujaa inapotoka, mabishano ni yale yale. Kuna wanaotaka shujaa aonekane vile vile alivyochorwa katika bede: rangi ya nguo, historia ya wazazi wake, hata jina la mtu aliyewaua. Na kuna wanaosema filme ni kazi nyingine, waacheni watu wa kamera na wa dekori wafanye yao. Katika mabishano hayo jina la Mwingereza mmoja halisikiki sana, ingawa kazi yake inajulikana na kila mtu aliyeona Batman wa mwaka wa 1989, iwe kwa kaseti, kwa televizyo ao kwa simu.

Anton Furst ndiye aliyeichora Gotham ya filme hiyo, mji ule mweusi usio na anga. Alizaliwa London tarehe 6 Mei 1944, akafariki Los Angeles tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 47. Kati ya siku hizo mbili alifanya filme chache tu. Lakini moja kati ya hizo iligeuza uso wa mji ambao wachoraji wa bede walikuwa wakiuchora tangu karibu miaka 50.

Furst hakuanza kwa sinema. Alisoma sanaa katika Royal College of Art, na katika miaka ya 1970 jina lake lilijulikana zaidi kwa mwanga kuliko kwa majengo. Alikuwa na kampuni iliyoitwa Holoco, iliyofanya kazi na miale ya leza na picha za holografi, na kulikuwa ushirikiano na watu wa mwanga wa kundi la muziki la The Who. Mwaka wa 1977 maonyesho yao ya mwanga yalifika Royal Academy ya London, nyumba ambayo kwa kawaida inaweka michoro ya rangi na sanamu. Leza hizo zilimfungulia mlango wa studio: alifanya kazi ya mwanga katika Alien, filme ya mwaka wa 1979. Anayekumbuka pango la mayai, na ule utando wa mwanga wa buluu unaoelea juu yake kama ukungu, anakumbuka kazi ya leza.

Mambo haya ya mwanga si ya kupita haraka. Mtu anayejifunza kujenga kwa mwanga anajua mapema kwamba mtazamaji haoni ukuta, anaona kile mwanga unachomwonyesha cha ukuta. Furst aliishi na elimu hiyo mpaka mwisho.

Mwaka wa 1984 alijenga pori zima ndani ya studio za Shepperton kwa ajili ya The Company of Wolves, filme ya Neil Jordan juu ya mbwa mwitu na hadithi za kale za bibi. Miti ilikuwa ya kutengenezwa, njia zilikuwa za kutengenezwa, na hakuna aliyejificha nyuma ya jambo hilo. Pori lile halikutaka kufanana na pori la kweli, lilitaka kufanana na ndoto ya mtoto mwenye homa.

Kisha akaingia mikononi mwa Stanley Kubrick, mtu asiyesamehe kosa dogo. Hapo kazi iligeuka kabisa. Kubrick alikuwa anafanya Full Metal Jacket, juu ya vita vya Vietnam, na hakutaka kutoka Uingereza. Furst alipaswa kuleta mji wa Hue wa mwaka wa 1968 mashariki mwa London. Mahali palipopatikana ni Beckton, kiwanda cha zamani cha gesi kando ya mto Thames, ambacho kilikuwa kinangoja kubomolewa. Bahati yao ni kwamba majengo yake yalifanana na majengo ya Hue yaliyoonekana katika picha za vita. Kwa kuwa yalikuwa ya kubomolewa, wangeweza kuyapiga mabomu bila kuulizwa na mtu. Mitende karibu 200 ililetwa kutoka Hispania, na mimea ya plastiki kwa maelfu kutoka Hong Kong. Filme ilitoka mwaka wa 1987.

Huyo ndiye mtu ambaye baadaye wapenzi wa bede wangesema hajali uaminifu. Alikuwa ametoka kukaa muda mrefu akilinganisha kila dirisha na kila ubao wa barabara na picha za Vietnam. Alijua uaminifu ni nini na unachosha namna gani. Alichosha kiasi kwamba Tim Burton alipomtaka kwa Beetlejuice, hakwenda. Akafanya High Spirits, filme nyepesi ya mizimu katika ngome ya Ireland. Baadaye alijutia uamuzi huo. Burton hakumsahau, na alipopewa Batman alirudi kumtafuta.

Tuseme kidogo juu ya hali ilivyokuwa mwaka wa 1988, kwani bila hiyo mtu hawezi kuelewa hasira za watu. Batman alizaliwa mwaka wa 1939 katika bede ya Detective Comics, namba 27. Mwaka wa 1966 televizyo ya Marekani ilimfanya mtu wa kuchekesha, Adam West akiwa amevaa kijivu na buluu, na maneno ya ngumi yakitokea kwenye kioo kwa rangi kali. Kwa watu wengi nje ya dunia ya bede, huyo ndiye Batman. Lakini wasomaji wa bede walikuwa wamehamia mbali. Mwaka wa 1986 Frank Miller alimchora Batman mzee, mkali na mwenye uchungu. Mwaka wa 1988 Alan Moore na Brian Bolland walitoa hadithi ya Joker yenye giza kubwa. Wasomaji hao walikuwa wanangoja filme itakayowatoa aibu ya 1966.

Wakasikia kwamba Batman atachezwa na Michael Keaton, mtu wa komedi, mfupi, asiye na taya la shujaa. Barua za kulalamika zilimiminika Warner Bros.; hesabu iliyotajwa wakati huo ni barua 50,000. Mwezi wa Novemba gazeti la Wall Street Journal liliweka habari hiyo ukurasa wa kwanza. Kwa gazeti la watu wa benki na hisa, hilo lilikuwa jambo la pesa: wapenzi wakiikataa filme, mamilioni yanapotea.

Wakati barua zinaandikwa Amerika, Furst alikuwa Pinewood, karibu na London, na misumari na saruji. Swali lake lilikuwa gumu kuliko la Keaton. Keaton alikuwa na mtu wa kufananishwa naye, lakini Gotham ya bede haikuwa na sura moja. Katika hadithi za mwanzo kabisa Batman aliishi New York. Jina Gotham lilikuja baadaye. Kila mchoraji aliweka majumba marefu nyuma ya shujaa, mengi kama yale ya New York, akaendelea na hadithi. Mtu akitaka kuwa mwaminifu kwa mji huo, awe mwaminifu kwa mchoro wa nani?

Furst alitafuta jibu katika sheria ya ujenzi, na hapo ndipo akili yake inaonekana. New York ilikuwa na sheria tangu mwaka wa 1916 iliyolazimisha majumba marefu kurudi nyuma kadiri yanavyopanda, ili jua na hewa vifike barabarani. Ndiyo sababu majumba mengi ya zamani ya mji ule yana ngazi ngazi kuelekea juu. Furst aliwaza New York ambayo haikupata sheria hiyo wala ofisi yoyote ya kupanga mji, mahali ambapo wahalifu ndio wanaotawala na kila tajiri anajenga anavyotaka. Majumba yangepanda wima na kuinamia barabara, madaraja yangepita juu ya vichwa vya watu, mabomba na vyuma vingetokea nje kama matumbo.

Kisha alichanganya mitindo bila huruma. Alichukua kwa Antoni Gaudí wa Barcelona, kwa Otto Wagner wa Vienna, kwa Mjapani Shin Takamatsu ambaye majengo yake yanafanana na mashine, na kwa saruji nzito ya Ulaya ya baada ya vita. Vitu hivyo havipatani, na yeye hakutaka vipatane. Mji wa kweli haujengwi na mtu mmoja kwa siku moja. Unajengwa na vizazi visivyopendana, na Gotham yake ina chuki hiyo ukutani. Anayetembea katika mji wowote wa kwetu wenye jumba la wakati wa Wabelgiji, gorofa la mfanyabiashara wa jana na kibanda cha mbao kati yao atalielewa wazo hilo bila kuelezwa.

Seti iliyojengwa Pinewood iligharimu mamilioni ya dola na ilikuwa moja ya seti kubwa kabisa za nje zilizojengwa Ulaya tangu zamani za Cleopatra ya Elizabeth Taylor. Kazi ya kupiga picha ilianza Oktoba 1988. Sehemu za chini za majumba zilijengwa kweli. Sehemu za juu zilikamilishwa kwa makete na michoro, na upande wa makete aliusimamia Derek Meddings, fundi aliyejulikana tangu Thunderbirds ya televizyo. Kiwanda cha kemikali ambamo Joker anazaliwa kilipatikana katika vituo vya zamani vya umeme, kimojawapo Acton Lane, London. Nyumba ya Bruce Wayne ilikuwa Knebworth, jumba la kale la kweli. Gari lile refu jeusi pia lilitoka katika ofisi ya Furst. Chini yake kulikuwa Chevrolet Impala, gari la kawaida kabisa.

Nguo ya Batman haikuwa kazi yake. Ilikuwa ya Bob Ringwood, lakini ilifuata njia ile ile: kijivu na buluu viliondoka, mwili wote ukawa mweusi na mgumu kama ganda la mdudu. Hapa wapenzi wa bede walikuwa na haki ya kuuliza. Batman wao alikuwa na nguo ya kitambaa. Tena kulikuwa na jambo kubwa kuliko nguo. Katika bede, tangu mwaka wa 1948, mtu aliyewaua wazazi wa Bruce Wayne ni mwizi mdogo aitwaye Joe Chill. Filme ilisema ni Joker mwenyewe, akiwa bado kijana. Tena Batman wa filme anaua watu, na mtumishi wake Alfred anamwingiza mwandishi wa picha Vicki Vale katika pango la siri kama mgeni wa chai. Sam Hamm, aliyeandika hadithi ya kwanza ya filme, alijitenga na wazo hilo la pango.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mabishano haya huwa yanapotea njia. Watu wanaweka kila badiliko katika gunia moja. Mabadiliko ya Furst na badiliko la Joker si kitu kimoja. Joker akiwa muuaji wa wazazi, Batman anapata adui mmoja, analipa kisasi, hesabu inafungwa. Mwizi asiyejulikana akiwa muuaji, hakuna wa kumlipa, na ndiyo sababu mtu huyo anatoka kila usiku maisha yake yote. Ukibadilisha hilo, umegusa moyo wa hadithi. Mji wa Furst haukugusa moyo huo; uliupa mwili. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kutazama barabara na kuelewa mbona mtu mwenye akili timamu, tena tajiri, angevaa kama popo.

Wapo wanaojibu kwamba sura ilimeza watu. Waandishi kadhaa wa sinema waliona wakati ule kwamba Gotham ni nzuri kuliko hadithi inayotembea ndani yake, na kwamba Keaton anapotea kati ya kuta. Si uongo. Kuna nafasi katika filme ambapo jicho linaacha kufuata maneno na kwenda kutazama bomba. Mjenzi wa dekori akiwa na nguvu kuliko mwandishi, hilo ndilo linalotokea, na mwaka wa 1988 hadithi iliendelea kuandikwa upya huku kuta tayari zimesimama.

Na juu ya uaminifu wenyewe kuna jambo la kuongeza. Bob Kane alikuwa mshauri wa filme, na jina lake ndilo pekee lililoandikwa kama mwumbaji wa Batman. Bill Finger, aliyeandika hadithi za kwanza na kusaidia kutengeneza sura ya shujaa, alikuwa amefariki mwaka wa 1974 bila jina lake kuwekwa. Liliwekwa rasmi tangu mwaka wa 2015. Kwa hiyo wakati barua zile zote zilikuwa zinadai heshima kwa asili, nusu ya asili ilikuwa imesahauliwa hata na wenye bede.

Filme ilitoka Marekani tarehe 23 Juni 1989. Siku tatu za kwanza zilileta dola milioni 40, na dunia nzima ilileta zaidi ya milioni 400. Barua za kulalamika hazikutajwa tena. Mwezi wa Machi 1990 Furst alipanda jukwaani kupokea Oscar ya dekori pamoja na Peter Young, aliyepanga vitu ndani ya seti. Batman ilikuwa imependekezwa kwa Oscar hiyo moja tu, na ikaichukua. Si ya Nicholson, si ya muziki, si ya hadithi: ya mji.

Baada ya hapo maisha ya Furst yalikwenda kasi na kombo. Alihamia Los Angeles, akafanya mkataba na studio ya Columbia. Alitengeneza sura ya Awakenings, filme ya mwaka wa 1990 inayopita hospitalini kati ya wagonjwa wasioamka, kazi ya utulivu isiyo na mnara hata mmoja. Alitaka kuwa mwongozaji, na palikuwa na mpango wa filme ya muziki pamoja na Michael Jackson, ambao haukufika popote. Alichora mgahawa wa Planet Hollywood wa New York, uliofunguliwa Oktoba 1991. Mshindi wa Oscar akichora mahali pa kula hamburger: hakuna ubaya wowote, pesa ni pesa, lakini inaonyesha namna Hollywood ilivyokuwa inamtumia.

Burton alipoanza Batman Returns, Furst hakuweza kwenda, kwa sababu ya mkataba wake na Columbia. Seti ya Pinewood ilikuwa imeachwa imesimama kwa muda kwa tumaini la filme ya pili, lakini filme hiyo ilipigwa Los Angeles, na Gotham mpya ikachorwa na Bo Welch, ikiwa na theluji na sanamu kubwa za mawe. Mtu aliyeujenga mji aliutazama ukijengwa na mwingine, katika mji huo huo alipokuwa anaishi. Marafiki waliofanya kazi naye walisema baadaye kwamba alikuwa mtu wa furaha kubwa na huzuni kubwa, na kwamba miezi ile huzuni ilikuwa imeshinda. Mwezi wa Novemba alikatisha maisha yake mwenyewe. Kuitafuta sababu moja ya jambo kama hilo ni kumkosea aliyekufa.

Wakati huo, New York, wahariri wa DC Comics walikuwa wamekwisha amua jambo ambalo kwa kawaida halifanywi. Gotham ya Furst iliwapendeza kuliko Gotham yao, na walitaka kuihamishia katika bede. Lakini mji uliochorwa namna moja kwa miaka mingi hauwezi kubadilika ghafla bila msomaji kuuliza. Wakatunga hadithi yenye sehemu tatu katika bede tatu za Batman za mwanzo wa mwaka wa 1992, iliyopewa jina la Destroyer. Ndani yake mtu mmoja analipua majumba ya kisasa ya Gotham, moja baada ya lingine. Hataki kuua; anataka kuondoa majumba mabaya yaliyofunika kazi ya msanifu wa kale, aitwaye Cyrus Pinkney katika hadithi. Moshi unapotulia, nyuma ya kuta zilizoanguka zinaonekana kuta za Furst, kana kwamba zilikuwa pale siku zote. Kwa kazi hiyo wachoraji walitumia michoro yake mwenyewe.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo televizyo ya Marekani ilianza kuonyesha filme za katuni za Batman zenye mji mweusi wa namna hiyo, na watoto wengi duniani waliijua Gotham kwa njia hiyo kabla hawajafungua bede hata moja. Leo kijana anayelalamika kwamba filme fulani haikuheshimu Gotham ya kweli, mara nyingi Gotham anayoitetea ni ile iliyotoka katika karatasi za Mwingereza huyu, ambaye naye alishitakiwa kosa hilo hilo.

Joker kama muuaji wa wazazi, bede hazikumchukua. Christopher Nolan alipoanza Batman yake mwaka wa 2005 aliweka mji katika barabara za Chicago, penye jua na vioo, mbali kabisa na Furst; na aliyeshika bastola mbele ya mtoto Bruce alikuwa tena Joe Chill.